Bwawa la Sasumua: Umri Wake na Usalama Wetu



Leo nimekusudia kuzungumza nanyi juu ya bwawa la maji la Sasumua, lililo karibu na Njabini katika Kinangop ya Kusini. Nimelichagua kwa sababu watu wa namna tatu wamefungamana kwa ajili yake, ingawa aghalabu hawaonani. Wa kwanza ni mkulima wa viazi na kabichi aliye juu ya bwawa, ambaye mvua inayonyesha shambani mwake huteremka mpaka majini. Wa pili ni yule akaaye chini ya bwawa, katika mabonde yanayoelekea mto wa Chania. Wa tatu ni mtu wa Nairobi, afunguaye bomba asubuhi na kujaza sufuria yake bila kuuliza maji yale yametoka wapi. Mmoja wao akizembea, hasara huwafikia wote watatu.

Watu wengi huuliza swali moja: Bwawa likizeeka, je, limekuwa hatari? Swali hili ni jema, nalo lastahili jibu la wazi. Umri peke yake hauvunji bwawa. Yako mabwawa yaliyokaa zaidi ya miaka 100 na yangali yakifanya kazi, na yako mengine yaliyobomoka yalipokuwa yakijazwa maji kwa mara ya kwanza. Linalovunja bwawa ni maji kupata njia isiyo yake. Na linalozuia jambo hilo ni jicho la mtu anayeangalia kila siku, akaandika alichokiona, na akasikilizwa anaposema. Hilo ndilo neno langu la leo, na yote yatakayofuata ni maelezo yake.

Kwanza na tulijue bwawa lenyewe. Mto wa Sasumua hutoka katika milima ya Aberdare, ambayo huitwa pia Nyandarua, nao huingia katika mto wa Chania. Mji wa Nairobi ulipoanza kukua, chemchemi za Kikuyu hazikuutosha tena. Likajengwa bwawa la Ruiru, kisha likaja la Sasumua, ambalo lilimalizika mwaka 1956. Katika miaka ya 1960 ukuta wake uliinuliwa ili liweze kuweka maji mengi zaidi. Maji ya mto wa Sasumua peke yake hayakutosha kulijaza, kwa hiyo hupokea pia maji yaliyoelekezwa kutoka mito ya Chania na Kiburu.

Bwawa hili huweza kuweka maji kadiri ya mita za ujazo milioni 16. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja. Maana yake ni kwamba likijaa, ukuta na kingo za bonde zimezuia tani milioni 16. Maji yanayopelekwa Nairobi kutoka hapo ni kadiri ya mita za ujazo 64,000 kwa siku. Mkitaka kufanya hesabu, mtaona kwamba hata kama lisingepata tone moja la mvua, na kama maji yote yangeweza kutolewa, akiba hiyo ingetosha siku 250. Tangu mwaka 1994 Nairobi imepata bwawa kubwa zaidi, la Ndakaini katika mto wa Thika, lenye mita za ujazo milioni 70. Lakini mji nao umekua, wala hauwezi kumstaafisha Sasumua kama mzee aliyemaliza kazi yake. Umri wa bwawa umepita miaka 60, na mzigo wake haukupungua.

Sasa tuutazame ukuta. Si ukuta wa saruji. Ni tuta kubwa lililoshindiliwa, na ndani yake mmetumika udongo mwekundu wa mfinyanzi wa mahali pale pale. Udongo huo una hadithi iliyojulikana na wahandisi duniani kote. Ulipopimwa wakati wa ujenzi, vipimo vyake viliwatia watu wasiwasi. Ulikuwa mwepesi kuliko udongo uliozoeleka katika kazi ya mabwawa, na ulihitaji maji mengi mno ili ushindiliwe vizuri. Kwa kufuata vitabu vya siku zile, mtu angesema: Udongo huu haufai.

Akaombwa shauri Karl Terzaghi, mzaliwa wa mji wa Prague, ambaye aliianzisha elimu ya sasa ya tabia ya udongo chini ya majengo. Yeye hakuutupa udongo ule kwa sababu ya namba za vitabuni. Alitaka kujua kwa nini una tabia ile. Ikaonekana kwamba una madini yaitwayo haloisaiti, na kwamba chembe zake zimeshikamana katika vishada vidogo vigumu, vyenye matundu yaliyojaa maji. Maji yaliyo ndani ya vishada huufanya udongo uonekane mwepesi na laini katika vipimo, lakini vishada vyenyewe ni imara. Kwa hiyo udongo ule ulikuwa na nguvu ya kutosha, wala haukubonyea sana ulipobeba mzigo. Mwaka 1958 Terzaghi alichapisha habari za bwawa la Sasumua katika jarida la chama cha wahandisi wa Uingereza, na mpaka leo wanafunzi wa kazi hii huzisoma.

Ninawaeleza habari hiyo kwa sababu ina funzo kwa watunzaji wa leo. Bwawa halihukumiwi kwa sura wala kwa desturi ya nchi nyingine. Huhukumiwa kwa kupimwa lenyewe. Na mtu asiyejua ukuta wake umetengenezwa kwa kitu gani hawezi kujua dalili ipi ni ya kawaida na ipi ni ya hatari. Kwa hiyo michoro ya ujenzi na madaftari ya vipimo vya miaka ya kwanza ni mali sawa na ukuta wenyewe. Yakipotea, mtunzaji huwa kama mganga aliyeletewa mgonjwa asiyeweza kusema.

Yapasa mjue jambo jingine ambalo huwashangaza wengi: kila bwawa la udongo huvuja. Maji husukuma ukuta mchana na usiku, na kadiri kina kinavyozidi, msukumo huzidi. Kwa kila mita moja ya kina huongezeka tani moja juu ya kila mita moja ya mraba. Hakuna udongo unaoweza kuyazuia maji kabisa. Kwa hiyo wahandisi hawajaribu kuyakataza yasipite, huyatengenezea njia. Katika bwawa lililojengwa vema huwekwa tabaka za mchanga na kokoto zilizochaguliwa kwa ukubwa wake, nazo hufanya kazi ya chujio. Maji hupita na chembe za udongo hubaki. Maji yale hukusanywa chini ya ukuta, hupimwa, na hurudi mtoni.

Basi, mtu akiona maji yanachuruzika chini ya ukuta, asipige kelele mara moja, wala asinyamaze. Atazame mambo mawili. Je, ni safi au yana matope? Na je, ni mengi kuliko jana, ingawa kimo cha maji bwawani hakikubadilika? Maji safi, ya kiasi kile kile, ni dalili kwamba chujio linafanya kazi. Maji yenye matope maana yake ni kwamba ukuta unachukuliwa chembe kwa chembe kutoka ndani. Tundu jembamba kama kidole huwa kama mkono, kisha kama pipa, kisha hakuna tena ukuta.

Jambo hili huweza kwenda kwa haraka isiyosadikika. Katika jimbo la Idaho, nchi ya Marekani, lilijengwa bwawa la udongo liitwalo Teton, lenye ukuta uliozidi mita 90. Lilikuwa likijazwa kwa mara ya kwanza. Asubuhi ya tarehe 5 Juni 1976 yalionekana maji ya matope yakitoka ubavuni mwa ukuta. Matingatinga yakapelekwa kuziba, yakashindwa, na kabla ya saa sita ya mchana ukuta ulikuwa umebomoka. Watu 11 walikufa. Kutoka dalili ya matope mpaka maangamizo zilipita saa chache tu. Ndiyo sababu mlinzi wa bwawa hawezi kusema: Nitakwenda kutazama kesho.

Adui wa pili wa bwawa la udongo ni maji yanayopita juu yake. Ukuta wa saruji huweza kustahimili maji yakipita juu kwa muda, lakini tuta la udongo huliwa kama kingo za mto wakati wa mafuriko. Kwa hiyo kila bwawa la namna hii hupewa njia ya maji ya ziada, iliyo chini ya kimo cha ukuta, ili mvua ikizidi maji yapite hapo na kwenda zake kwa salama. Katika mwaka wa kawaida njia ile haina kazi nyingi. Ng'ombe hupita, majani huota, na mtu asiyejua huiona kuwa ardhi ya bure. Lakini siku ya mvua kubwa, uhai wa bwawa lote hutegemea njia hiyo.

Sasumua lilionja jambo hilo. Mwezi wa Mei 2003 mvua zilikuwa kubwa, na mafuriko yakaiharibu njia yake ya maji ya ziada. Ukuta ulisimama, lakini maji yaliyopelekwa Nairobi yalipungua, na wakazi wengi waliona ukame katika mabomba yao wakati ule ule ambapo mito ilikuwa imefurika. Baadaye ikafanywa kazi kubwa ya kutengeneza. Tuangalie vizuri: kilichoharibika si sehemu ibebayo maji kila siku, bali ni ile ambayo watu hawaikumbuki mpaka siku ya haja.

Mahali pengine habari haikuishia kwenye upungufu wa maji. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, katika majira ya mvua nyingi, bwawa la shamba huko Solai, katika Kaunti ya Nakuru, lilibomoka, na zaidi ya watu 40 wakafa, wengi wao wakiwa majumbani mwao. Bwawa lile lilikuwa dogo sana likilinganishwa na Sasumua. Kwa hiyo asidhani mtu kwamba udogo wa bwawa ni usalama. Maji kidogo yaliyo juu ya kijiji ni hatari kuliko maji mengi yasiyo na mtu chini yake.

Sasa nirudi kwenye uzee. Ni nini hasa kinachozeeka katika bwawa? Udongo ulioshindiliwa vema hauzeeki upesi. Vinavyozeeka kwanza ni vyuma: mabomba yapitayo chini ya ukuta, na milango ya kufungulia maji. Mlango ambao haufunguliwi kwa miaka mingi hushika kutu, na siku inapotakiwa maji yapunguzwe kwa haraka, hukataa kufunguka. Halafu hujaa matope. Kila mvua huleta udongo wa mashambani, nao hutulia chini na kuchukua nafasi ya maji. Halafu mizizi ya miti hupenya ukuta. Mti ukifa na mzizi kuoza, hubaki shimo refu kama bomba. Fuko huchimba, na mchwa huchimba pia.

Kuna na mambo mengine mawili yanayozeeka, wala hayaonekani kwa macho. La kwanza ni hesabu ya mvua. Wajenzi wa miaka ya 1950 walikadiria mafuriko makubwa kwa kumbukumbu chache za mvua walizokuwa nazo. Leo kumbukumbu ni nyingi zaidi, na hali ya hewa inabadilika, kwa hiyo hesabu hiyo haina budi kufanywa upya mara kwa mara. La pili ni idadi ya watu. Bonde lililokuwa na nyumba chache wakati bwawa linajengwa huweza kuwa na shule, soko na kanisa baada ya miaka 60. Ukuta haukubadilika, lakini hasara itakayotokea ukibomoka imekuwa kubwa mara nyingi.

Mji wa Derna katika nchi ya Libya ulijua jambo hili kwa uchungu. Juu yake yalikuwa mabwawa mawili yaliyojengwa katika miaka ya 1970 ili kuukinga na mafuriko. Usiku wa kuamkia tarehe 11 Septemba 2023 ilikuja tufani yenye mvua isiyo ya kawaida katika nchi ile kavu. Mabwawa yote mawili yakabomoka, na mtaa kwa mtaa ukachukuliwa mpaka baharini. Maelfu ya watu walikufa. Kitu kilichojengwa kuwa ngao ya mji kilikuwa rungu juu ya kichwa chake.

Wazee wetu wamesema: Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kwa mwenye bwawa methali hii haitoshi, kwa kuwa huenda asipate hata nafasi ya kuujenga. Nchi nyingine zilikwisha kuiandika methali hii katika sheria. Tarehe 2 Novemba 1925 bwawa la Eigiau huko Wales lilibomoka, maji yake yakalivunja bwawa jingine lililokuwa chini yake, na watu 16 wakafa katika kijiji cha Dolgarrog. Mwaka 1930 Uingereza ikatunga sheria kwamba kila bwawa kubwa likaguliwe na mhandisi mwenye ujuzi angalau mara moja katika kila miaka 10. Katika Kenya, usalama wa mabwawa umo katika sheria za maji, na Mamlaka ya Rasilimali za Maji ndiyo yenye kutoa vibali. Mwenye bwawa, awe ni serikali, kampuni au mkulima, hana ruhusa ya kusema kwamba ukuta wake ni shauri lake mwenyewe.

Lakini mkaguzi huja siku moja, akaondoka. Kazi ya siku zilizobaki ni ya mlinzi. Huyo hutembea juu ya ukuta na chini yake, akitafuta nyufa, mahali palipobonyea, majani yaliyo mabichi kuliko mengine wakati wa kiangazi, na maji mapya. Hupima maji yanayovuja, na kimo cha maji katika mabomba membamba yaliyotiwa ndani ya ukuta. Huandika namba, na kesho yake huandika tena. Namba moja haina maana. Namba za miaka 20 husema kweli. Kazi hii haina sifa, kwa maana ikifanywa vema hakuna linalotokea. Ndiyo sababu fedha za kazi hii huwa rahisi kupunguzwa, na ndiyo sababu nasema leo kwamba zisipunguzwe.

Sasa nawageukia ninyi mlio mashambani juu ya bwawa. Najua wengine wenu mtasema: Maji ni ya Nairobi, sisi twaombwa kuyatunza, na faida yaenda mjini. Neno hili si la kudharauliwa. Wataalamu wamechunguza hapo hapo Sasumua jinsi watumiaji wa maji wanavyoweza kuwalipa wakulima wanaoyatunza makorongo na miteremko, kwa kuwa udongo unaozuiliwa shambani huipunguzia kampuni ya maji gharama ya kuyasafisha. Ni shauri la haki, nalo lafaa kuendelea kujadiliwa pande zote mbili zikiwa mezani. Hata hivyo msingoje mpaka malipo yaje. Udongo unaoingia bwawani ni mbolea yenu inayokwenda. Matuta ya fanya juu, nepia zilizopandwa kwenye kingo, na miti ya kiasili kando ya mito huwafaa ninyi kabla ya kumfaa mtu wa mjini.

Nanyi mlio karibu na ukuta, shikeni mambo machache. Msilishe mifugo juu ya tuta, kwa maana kwato huharibu majani yanayolishika. Msipande miti juu yake. Msilime wala kujenga katika njia ya maji ya ziada, hata kama imekauka kwa miaka 10. Mkiona maji ya matope yanatoka mahali pasipo desturi, pelekeni habari saa ile ile, iwe mchana au usiku. Na mkiambiwa kwamba maji yatafunguliwa, ondokeni bondeni kwanza, maswali yaje baadaye.

Watunzaji nao wana deni kwenu. Mtoto anayechunga kondoo huweza kuiona dalili kabla ya mhandisi. Basi asifukuzwe kama mdokozi anapokuja kuisema. Jina la mtu wa kupelekewa habari lijulikane, na njia ya kumpata ijulikane, pamoja na mahali pa kukimbilia palipo juu. Mambo hayo yakiulizwa siku ya mafuriko, yameulizwa baada ya wakati wake.

Na wewe wa Nairobi, ukilipa ankara ya maji, uwe na haki ya kuuliza ni kiasi gani kinachorudi Kinangop kutunza ukuta, milango na madaftari. Si maji tu unayonunua. Unanunua pia macho ya yule mtu anayetembea chini ya ukuta katika baridi ya alfajiri, akiinama kutazama kama maji yaliyo miguuni pake ni safi.